Lenzi ya Mkono Mmoja

Mwenye duka la kamera alinitazama kama anayemtazama mtu akichota maji ya kuoga kwa kijiko cha chai.

"Shemeji," akasema, "lenzi ndefu hushikwa kwa mikono miwili. Wa kulia unabonyeza, wa kushoto unabeba. Ndivyo watu wanavyofanya."

"Watu wana mikono yao. Mimi nitafutie ya mkono mmoja."

Akacheka. Ni rafiki wa mume wangu tangu ujana wao, na kwa kuwa mimi na yeye tumetaniana miaka yote hiyo, huwa hajui ni lini nasema kweli. Nikauweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, nikanyanyua kamera kwa wa kulia, na ile lenzi aliyonifungia ikachomoza mbele yangu, jicho lake pana kama sahani. Mkono ukaanza kushuka kabla hata sijamwona ng'ambo ya barabara ni nani anayepita. Nikairudisha juu ya kaunta.

"Nzito."

"Hiyo nzito? Shemeji, hiyo ni nusu ya uzito wa ile yako ya zamani."

Ni kweli, na ndiyo maana naieleza kwanza ile ya zamani.

Mimi ni mpiga picha. Siku za kazi niko studio kwangu, napiga picha za pasipoti, za wanafunzi wanaomaliza shule, za wachumba wanaogombana kabla sijawasha taa. Hizo ndizo zinazotulisha. Lakini roho yangu iko kwenye kinamasi kilicho nyuma ya kiwanda cha matofali, wanakoishi fisi maji. Asiyemjua asidhani ni fisi. Ni mnyama mrefu wa manyoya laini, mwenye masharubu na uso wa mzee aliyetoka kuoga, anakula samaki huku amemshika kwa mikono miwili kama hindi la kuchoma, na anapiga mbizi kila mara unapokuwa tayari kubonyeza. Ukitaka kumpiga picha lazima uwe mbali, na ukiwa mbali lazima uwe na lenzi ndefu. Yangu ina uzito wa mtoto mchanga aliyeshiba, tena mkaidi.

Wenzangu husimamisha lenzi kama hiyo juu ya miguu mitatu ya chuma. Mume wangu aliwahi kuninunulia miguu hiyo, nikaipa jina la Mume Mwenza. Siku ya kwanza tu kinamasini, Mume Mwenza alizama topeni mpaka kiunoni, na mume wangu akafurahi kupita kiasi kwa mtu aliyemnunua kwa fedha zake mwenyewe.

Toka siku hiyo nikatumia bega lake. Alikuwa fundi wa mafriji, mrefu, mpana, na watu wote humwita Nguzo. Alichuchumaa mbele yangu kwenye matete, nami nikaiegesha lenzi juu ya bega lake la kulia, pale nilipomshonea kiraka cha ngozi kwenye koti. Nikiwa tayari nilimgonga mgongoni kwa kidole, mara mbili. Alitoa pumzi yote, akatulia. Nami nikatoa yangu, nikabonyeza. Hatukuwahi kukaa kitako tukapanga hivyo. Ilitokea tu, ikawa desturi, kama vile watu wawili wanavyojua nani alale upande gani wa kitanda. Wanawake wengine huzeeka wakitazama nyuso za waume zao. Mimi nimezeeka nikitazama kisogo, na ukiniuliza nitakuambia kisogo hakidanganyi.

Kuna picha moja tuliyoitamani kuliko zote: mama fisi maji akivuka maji wazi, akiwa amemng'ata mwanawe shingoni ili kumbeba. Tuliiona mara moja. Mama alitoka kwenye matete mbele yetu kabisa, na yule mtoto mdomoni mwake alikuwa amenuna, amekunja uso kama mtu aliyetolewa mchezoni utamu ukiwa umekolea. Nikagonga mara mbili. Nguzo akatoa pumzi. Kisha akamtazama yule mtoto, na kicheko kikamponyoka. Bega likaruka, lenzi ikaruka, na nilichopata ni mchirizi wa kahawia kwenye maji ya kijivu. Nilinuna siku nzima, nami nikafanana na yule mtoto. Baadaye niliichapisha hivyo hivyo, nikaitundika ukumbini. Wageni hudhani ni doa la maji ukutani.

Halafu mkono wake ukaanza. Kwanza kidole gumba cha kulia, kikawa kinasugua kidole cha pili kana kwamba anahesabu noti zisizokuwepo. Kisha mkono wote, kisha bisibisi ikawa haimtii tena. Siku moja tulirudi kutoka kinamasini, nikaona kwenye picha zangu kila tete lina kingo mbili. Nikamwambia kamera imechoka. Aliitazama ile picha muda mrefu, na yeye si mtu wa kudanganywa kuhusu mashine.

"Kamera haijachoka," akasema. "Nguzo ndiyo iliyochoka. Na nguzo inayotikisika ni hatari kwa nyumba, mama. Kanunue lenzi nyepesi, uwe unakwenda mwenyewe."

Akavua lile koti la kiraka, akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Likakaa hapo msimu wote wa mvua na msimu wa kiangazi uliofuata. Daktari alikwisha kutuambia kwamba ugonjwa huu wa kutetemeka haurudi nyuma, unacheleweshwa tu. Nguzo akawa anashinda kwenye kiti cha barazani, mkono ameuficha chini ya gazeti, na gazeti linamsaliti kwa kuchakarika. Jioni nilikaa karibu naye nikaushika. Haukutulia hata nilipoushika. Ila yeye mwenyewe alitulia, mabega yakashuka, akaanza kunisimulia mambo ya watu wa zamani aliowatengenezea mafriji. Nilichokitamani, nakisema waziwazi kwa kuwa sina wa kumwonea haya, hakikuwa picha. Nilitamani kukaa naye mateteni kama hapo kale, asubuhi, kimya, tukisubiri kitu ambacho pengine hakitatokea.

Basi yeye alinituma nikanunue lenzi ya kwenda bila yeye, na mimi nikaja dukani kutafuta lenzi ya kwenda naye. Kama nitakaa ubavuni kwake nimemshika mkono, hatakuwa na haja ya kuwa nguzo ya mtu. Lakini hapo utabaki mkono mmoja wa kupigia picha.

Mwenye duka alinitolea ya pili. Hii ilikuwa ya kuvuta: unazungusha pete, lenzi inarefuka, mnyama anakusogelea. Ikiwa imejikunja ni nyepesi, hata nilianza kutabasamu. Nikaivuta, ikanyoosha shingo, uzito wote ukakimbilia mbele, na kiwiko changu kikalalamika.

"Hii ndiyo kila mtu anayonunua," akasema. "Mnyama akiwa karibu, mnyama akiwa mbali, yote maisha."

"Na hiyo pete nitaizungusha na nini?"

"Na mkono wa kushoto."

"Wa kushoto una kazi."

"Kazi gani?"

"Ya nyumbani."

Aliinama, akachomoa sanduku kwenye rafu ya chini kabisa, akalipangusa vumbi bila kuficha kwamba anafanya hivyo kwa kuniridhisha tu. Ndani mlikuwa na lenzi fupi kuliko zote, nyembamba, isiyovuta wala kurefuka. Inaona mbali kwa kiasi kimoja, basi. Nikaifunga kwenye kamera, nikanyoosha mkono mmoja. Nikangoja. Upande wa pili wa barabara fundi cherehani alimaliza kupinda pindo la suruali, akakata uzi, akaanza mguu wa pili, na mkono wangu ulikuwa bado uko juu.

"Sitaki uje kunilaumu," akasema mwenye duka. "Jicho lake dogo, haimezi mwanga. Alfajiri itakupa picha zenye chenga. Halafu kitu kizito hujituliza chenyewe, kitu chepesi kinatikiswa hata na mapigo ya moyo. Humo ndani kuna kitulizaji, lakini hakifanyi miujiza. Na mnyama akiwa mbali zaidi, shemeji, utabaki kumtamani tu."

"Kutamani nimezoea."

Tukatoka mlangoni kuijaribu. Juu ya nguzo ya umeme palikuwa na kunguru mmoja, mchafu, mwenye kujiona. Nikampiga picha. Tukatazama kwenye kioo cha kamera: nguzo tupu. Nikampiga tena alipotua: mkia tu. Mara ya tatu hata mkia haukuwepo.

"Lenzi iko sawa," akasema taratibu. "Ni kidole chako. Unamwona, unamshika kwenye fokasi, kisha unangoja. Unangoja nini?"

Na mimi ndipo nilipojiona. Kidole cha mkono wangu wa kushoto kilikuwa kimegonga hewa mara mbili. Nilikuwa nasubiri pumzi ya mtu ambaye hakuwepo pale barabarani. Nikashusha kamera, nikajifanya nimeingiwa na vumbi jichoni, na yeye kwa uungwana wake akajifanya ameamini.

Tuliporudi ndani aliuliza, sauti chini, "Unataka kwenda na Nguzo?"

"Ndiyo."

"Huku umemshika."

"Ndiyo."

Akaiviringisha lenzi kwenye kitambaa chake. "Mshika mbili moja humponyoka, shemeji. Na wewe utashika vitu viwili vinavyotikisika."

"Basi mojawapo iwe nyepesi," nikasema. "Nifungie."

Nyumbani nilimkuta wifi yangu, dada mkubwa wa Nguzo, kaja kumtazama mdogo wake na kunikagua mimi. Nguzo alilipokea sanduku kwa furaha ya kweli. Aliitoa lenzi, akaiweka kwenye kiganja chake cha kulia, ikacheza pale kama kikombe juu ya meza ya treni.

"Safi," akasema. "Nyepesi kama mkate. Sasa hunihitaji."

"Nimeinunua uje nayo."

"Kuja wapi?"

"Unajua wapi."

Wifi akaweka chini kikombe chake cha chai. "Wifi, huko matopeni na huo umande? Mwache mwenzio apumzike. Kala chumvi nyingi, kafanya kazi yake, sasa mwache."

"Wifi, kupumzika anapumzika hapa kila siku. Muulize kama kumempendeza."

Hakuna aliyemuuliza. Nguzo alikuwa anairudisha lenzi kwenye kitambaa, polepole, akikosea pembe na kuanza upya, na sisi wawili tukamwacha amalize mwenyewe. Kisha akasema bila kuniangalia, "Kwenda kukaa tu kama mzigo, nikutikise, ukose picha kwa ajili yangu? Mimi nilikuwa na kazi pale. Mtu asiye na kazi abaki nyumbani."

"Picha ya mama na mtoto ulinikosesha wewe," nikasema. "Ulicheka. Deni lako hilo, na hujalimaliza."

Niliisema kwa utani, ila ilimgusa. Nguzo akainua macho kuelekea ukumbini, penye ule mchirizi wa kahawia ukutani, akautazama.

"Haya," akasema. "Nitakuja mpaka uipate hiyo. Ukishaipata, tumemalizana. Usiniburute tena huko, nami nikae na kiti changu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema haraka, kabla wifi hajatia neno.

Tulikwenda asubuhi baada ya asubuhi. Nilifungua viti viwili vya kukunja kwenye ardhi ngumu ukingoni, kiwiko cha kulia nikakiegemeza gotini, na kwa mkono wa kushoto nikaushika wa kwake ndani ya mfuko wa koti la kiraka. Mwanzoni alikaa kama mgonjwa kwenye foleni ya hospitali. Kisha akaanza kunionyesha vitu kwa kidevu: kule maji yanachemka, pale matete yamelala, huyo ndege kamwona nani. Miaka yote alipokuwa mbele yangu, macho yangu yamezibwa na kamera, kumbe yeye alikuwa anaona kinamasi kizima na hajawahi kunisimulia. Sasa alisimulia kwa kunong'ona. Nilipiga picha chache sana, na nyingi zilikuwa na chenga kama televisheni ya zamani, mwenye duka hakukosea. Sikujali. Nilikuwa na mume wangu wa kale, ila sasa nikigeuka namwona uso.

Tetemeko la mkono wake lilipanda mpaka kwenye bega langu, likashuka upande wa pili mpaka kwenye lenzi. Hilo nalo mwenye duka hakukosea. Ndani ya kamera kinamasi chote kilikuwa kinapumua upesi upesi. Lakini mtu akikaa na kitu hukijua. Nikaanza kujua kwamba kati ya kutikisika na kutikisika pana kituo kidogo, kidogo mno, kama pale bembea inapofika juu kabla haijarudi. Hakikungoja, nami sikumtajia. Nilianza tu kubonyeza hapo.

Asubuhi yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, kiwandani walikuwa bado hawajawasha mashine, na Nguzo alikuwa akilalamika kwamba chai ya chupa ina ladha ya chupa. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Hakunionyesha kwa kidevu. Aliubana mkono wangu.

Mama fisi maji alikuwa ametoka kwenye matete upande ule ule wa mara ya kwanza, akakata maji wazi kuja kwetu. Alikuwa amemng'ata mwanawe shingoni, barabara. Na yule mtoto, Mungu wangu, alikuwa amenuna.

Nguzo akauvuta mkono wake. Alitaka kuniachia ili nishike lenzi kwa mikono miwili, nitulie, nisikose tena. Nikaukaza. Akavuta tena, nami nikaukaza zaidi, huku jicho langu liko kwenye kamera na maji yanatetemeka na mama anakuja.

"Niachie, we mwanamke," akanong'ona, "utakosa."

Nikasikia akitoa pumzi yote, kama zamani, bila mimi kumgonga. Nikatoa yangu. Nikakitafuta kile kituo, nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka mama alipopita mbele ya miguu yetu na kuzama kwenye matete ya upande wetu pamoja na mnunaji wake. Maji yakajifunga. Nguzo alikuwa anacheka, mabega yote mawili yanaruka, machozi yanamtoka, na mkono wake umeushika wangu kuliko nilivyoushika mimi.

Niliinamia kioo cha kamera. Mchirizi. Mchirizi. Mama mwenye vichwa viwili. Mchirizi. Kisha nikafika kwenye moja. Kila unywele wa masharubu ulikuwa mahali pake. Tone la maji lilikuwa linaning'inia kwenye kidevu cha mtoto, na jicho lake lililokasirika lilikuwa linanitazama mimi. Hata chenga zilikuwa zimekaa vizuri, kama ukungu wenyewe. Ndiyo picha niliyoitamani toka nikiwa kijana mwenye kiuno.

"Umeipata?" akauliza Nguzo. Alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa kushoto. Niliona jinsi alivyouliza: anataka jibu liwe ndiyo, kwa ajili yangu. Ningemwonyesha angefurahi kuliko mimi. Angeishika kamera kwa mikono yote miwili, angemsimulia dada yake, angemsimulia mwenye duka. Kisha angefika nyumbani, angevua koti, angelitundika nyuma ya mlango, kwa sababu mume wangu ni mtu wa kutimiza ahadi.

Nikageuza gurudumu la kamera, picha ikapita, ukaja mchirizi. Huo ndio niliomwonyesha.

"Bado," nikasema.

Akauangalia mchirizi kwa muda. Huyu ni mtu aliyezisikia pumzi zangu miaka yote, anajua zinatokaje nikipata na zinatokaje nikikosa. Akanitazama usoni, nami nikautazama ukungu.

"Alipita haraka," akasema mwishowe.

"Haraka mno."

"Basi kesho tuwahi zaidi," akasema, na mkono wake akaurudisha mfukoni pamoja na wangu.